Mpaka Mpaka Ufunguliwe

Saa kumi alfajiri, Ijumaa ya tarehe 11 Oktoba 2019, nilikuwa wa nane kwenye foleni ya teksi katika uwanja wa ndege wa Minneapolis–Saint Paul. Ni saa ya ukimya. Wasafiri wa usiku wamekwenda zao, wa asubuhi ndio kwanza wanafunga mizigo, na sisi madereva huzima injini tukaingia katika chumba cha kusubiria zamu, kila mtu na themosi yake. Ghafla simu zikaanza kulia kila upande. Kijana mmoja Mworomo, mzaliwa wa Wollega, akapiga kelele kwa lugha yake, kisha akanigeukia na kusema kwa Kiswahili alichokiokota Nairobi: "Ameshinda, bwana! Abiy ameshinda!"

Oslo ilikuwa saa tano asubuhi. Kamati ya Nobel ilikuwa imemtangaza Abiy Ahmed, Waziri Mkuu wa Ethiopia, kuwa mshindi wa Tuzo ya Amani, hasa kwa hatua aliyochukua kumaliza ugomvi wa mpaka na jirani yake Eritrea. Watu walikumbatiana. Msomali mmoja aliyekulia Dadaab alitoka kwenda kununua keki.

Mimi niliwatazama watu wawili. Wa kwanza ni Mzee wa Asmara, Mweritrea. Hatukumwita kwa jina lingine. Alikuwa ameinamia kikombe chake cha kahawa, anatabasamu kidogo kama mtu anayesikia habari za mbali. Wa pili tulimwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha hesabu Adigrat, kaskazini mwa Tigray nchini Ethiopia, kabla ya kukimbia na kukaa Nairobi miaka minne. Alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Nikamwendea nikamwambia hongera, nchi yako imepewa heshima.

"Tuzo ni nzuri, ndugu yangu," alinijibu kwa Kiswahili chake cha Eastleigh. "Lakini dada yangu bado hawezi kupita mpaka wa Zalambessa."

Nikamwambia, "Mwalimu, leo tufurahi kwanza."

Nimelijutia neno hilo. Na ninalijutia zaidi kwa sababu mimi, kati ya watu wote waliokuwa chumbani mle, nilipaswa kumwelewa.

Nimezaliwa Taveta, upande wa Kenya, chini ya Kilimanjaro. Soko letu ni Jumatano na Jumamosi, na tangu zamani ni soko la watu wa pande zote mbili. Mama mkubwa, dada wa tumbo moja na mama yangu, aliolewa Himo, upande wa Tanganyika kama wazee walivyoendelea kuuita. Kwetu Himo haikuwa nchi ya nje. Ilikuwa mahali pa kulala ukichelewa sokoni. Nilikuwa na miaka 8 pale Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokata roho. Februari 1977 Kenya ilianzisha shirika lake la ndege, na Tanzania ikafunga mpaka. Wakubwa walikuwa wanagombania ndege, meli, mabehewa na madeni. Sisi tulichokiona ni kizuizi barabarani na askari wenye bunduki, na mama akirudi na kikapu kile kile alichoondoka nacho.

Miaka sita na miezi kadhaa. Watu walipita njia za panya usiku, na sabuni na mafuta ya kupikia vilivyokuwa haba upande wa pili vikawa bidhaa za magendo. Mwaka 1981 mama mkubwa alifariki. Habari ilitufikia siku ya pili, kwa mdomo wa mchuuzi. Mama alivuka usiku kwa miguu, akashikwa, akanyang'anywa khanga na unga aliobeba kwa ajili ya matanga, akaachiwa karibu na mapambazuko. Alipofika Himo, kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa. Hakulia mbele yetu. Ila tangu siku hiyo, kila mtu alipotaja urafiki wa Kenya na Tanzania redioni, alinyanyuka akaenda kuchochea moto hata kama ulikuwa unawaka vizuri.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, baada ya Nyerere, Moi na Obote kukutana Arusha. Mama alivuka mchana kweupe, akaenda moja kwa moja kaburini. Ni baadaye sana, nikiwa mtu mzima, nilipojua kuwa nyuma ya siku ile kulikuwa na Mswisi mmoja aliyeitwa Victor Umbricht, mpatanishi aliyekaa miaka akihesabu mali ya Jumuiya iliyokufa: behewa hili la nani, deni lile nani alipe. Mapatano ya kugawana mali yalitiwa sahihi Arusha Mei 1984, miezi sita baada ya lango kufunguliwa. Nilipowauliza wazee wa Taveta, hakuna aliyewahi kusikia jina lake. Na nilipokwenda nyumbani likizo mwaka 2017 nikapita kituo cha pamoja cha Taveta na Holili, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, nilikuta afisa wa Kenya na wa Tanzania chini ya paa moja, pasi ikipita kutoka mkono huu kwenda ule. Nilisimama pale nikimfikiria mama na khanga zake. Kazi ile ilikuwa imefanywa na makarani.

Nimesimulia ya kwetu ili msomaji ajue nilikuwa na macho gani, nikashindwa kuyatumia.

Sasa nirudi kwa Mzee na Mwalimu. Nilipoanza teksi mwaka 2003, wawili hawa walikuwa hawasemezani. Lugha yao ni moja, Kitigrinya. Dini moja, mfungo mmoja, enjera ile ile. Lakini vita vya Ethiopia na Eritrea vya kugombea Badme, tangu Mei 1998 hadi Juni 2000, vilikuwa vimeua makumi ya maelfu ya watu, na kila mmoja alikuwa na wake katika hesabu hiyo. Mdogo wake Mzee alifia kwenye mahandaki ya Tsorona. Wanafunzi wa Mwalimu, vijana aliowafundisha kugawanya sehemu, walipelekwa jeshini na hawakurudi. Mkataba wa Algiers ulitiwa sahihi Desemba 2000. Tume ya mipaka ikatoa uamuzi Aprili 2002 kwamba Badme ni ya Eritrea. Ethiopia haikuondoka. Ikawa si vita, si amani, kwa miaka kumi na minane, na katika chumba chetu ikawa meza mbili.

Kilichowakutanisha ni betri. Januari moja, baridi ya Minnesota ile inayofanya chuma kilie, gari la Mwalimu lilikataa kuwaka zamu yake ilipofika. Mzee alitoka bila kuulizwa, akaleta nyaya zake, akaunganisha, gari likawaka, akarudi ndani bila kusema neno. Kesho yake Mwalimu alimwekea kikombe cha kahawa mezani. Hivyo tu. Baada ya hapo walianza kuulizana habari za Senafe na Adigrat, miji miwili iliyotazamana kuvuka mpaka. Dada yake Mwalimu ameolewa Senafe. Mama yao alibaki Adigrat. Kwa miaka ishirini mama na binti, waliotenganishwa na safari ya basi ya saa chache, hawakuweza kupigiana simu kwa kuwa laini za nchi hizo mbili zilikatwa. Mama alimpigia Mwalimu Minneapolis, Mwalimu akampigia dada Senafe, kisha akarudisha majibu. Mtoto amezaliwa, ng'ombe ameuzwa, baba amelazwa: yote yalizunguka Amerika kwanza.

Ndiyo maana Julai 2018 ilikuwa kama ndoto. Tarehe 8 Abiy alitua Asmara, na kesho yake yeye na Rais Isaias Afwerki wa Eritrea wakatia sahihi tamko walilolipa jina la amani na urafiki. Simu zikafunguliwa. Tarehe 18 ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliruka kwenda Asmara kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini. Mwalimu alikuja kazini akanionyesha simu yake: siku nzima haikulia. Mama na dada walikuwa wanazungumza wenyewe. "Leo nimeachishwa kazi," akaniambia, "na sijawahi kufurahi hivi."

Jumatatu ya tarehe 30 Julai, Abiy mwenyewe akaja Minneapolis. Alikwisha kupita Washington na Los Angeles, na wito wa safari yake ulikuwa kubomoa ukuta na kujenga daraja. Mji wetu una Waoromo wengi kiasi kwamba wenyewe huuita Oromia Ndogo, na siku ile walikuja wengine kutoka majimbo ya mbali. Nilipeleka abiria Target Center tangu asubuhi. Bendera zilifunika barabara. Wazee walilia waziwazi, na mimi, nisiye Mwethiopia, nililia nao ndani ya gari. Silijutii chozi lile. Watu walikuwa na haki ya furaha yao.

Lakini angalia tarehe. Nishani ya kwanza ya urafiki ule ilitolewa tarehe 24 Julai 2018, Abu Dhabi, ambako viongozi wote wawili walivishwa Nishani ya Zayed. Lango la Zalambessa lilifunguliwa tarehe 11 Septemba, siku ya mwaka mpya wa Ethiopia. Siku chache baadaye, Jeddah, wakavishwa nishani nyingine, ya Mfalme wa Saudia. Dada yake Mwalimu alivuka wiki hiyo hiyo. Nimeiona video: bibi mfupi aliyejifunga shuka jeupe anakimbia, na ninasema anakimbia, kumwelekea mwanamke wa makamo aliyeshika mtoto mkono. Mwalimu aliitazama mpaka kioo cha simu yake kikawa na alama ya kidole mahali pale pale.

Halafu, bila tangazo lolote la maana, malango yakaanza kufungwa. Desemba Waethiopia walizuiwa Zalambessa. Kufikia Aprili 2019 vivuko vyote vilikuwa vimefungwa. Hapakuwa na mapatano ya forodha, wala ya viza, wala bei ya kubadilishana fedha, na mpaka wenyewe haukuwa umepimwa na kuwekwa mawe. Kulikuwa na watu wawili waliokumbatiana, na sahihi zao. Umbricht wao hakuwepo, na hakuna aliyemtafuta.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Oktoba, Oslo ilipotangaza, lango lililokuwa sababu ya tuzo lilikuwa limefungwa kwa miezi. Mwalimu aliliona hilo kwa sekunde moja, nami nikamwambia tufurahi kwanza. Kamati yenyewe ilikiri kwamba wengine wangeona tuzo imetolewa mapema mno, lakini ikasema juhudi za Abiy zinastahili kutiwa moyo. Kutia moyo ni jambo jema. Ila Alfred Nobel, katika wasia wake wa 1895, alizungumzia kazi iliyofanyika kwa ajili ya udugu wa mataifa, na udugu hauhesabiwi kwa nia.

Mji huu unalielewa neno Nobel kuliko miji mingi. Wanorwei walihamia Minnesota kwa maelfu, na Chuo Kikuu cha Augsburg, walichokianzisha wao, kimewahi kuwa mlezi wa kongamano la Tuzo ya Amani ya Nobel. Chuo hicho kiko Cedar-Riverside, hatua chache kutoka maghorofa yenye vibao vya rangi ambamo Wasomali na Waoromo wengi walianzia maisha. Nilipeleka abiria wa kongamano mara kadhaa. Wote waliniuliza natoka wapi, na wachache waliuliza mpaka wa kwetu ulifunguliwaje.

Ni katika shangwe ya tuzo ya Abiy nilipopata wazo langu. Mwezi uleule wa tuzo nilisema: Oslo imempa mkubwa, sisi tuwape wadogo. Tukachanga, dola kumi kumi. Tukamwagiza fundi kibao cha mbao ya mwaloni chenye maneno "Kwa Urafiki wa Majirani" kwa Kiswahili, Kitigrinya na Kiingereza, na chini yake nafasi ya majina mawili. Tulipanga kukitoa wakati wa Pasaka ya Waorthodoksi, Aprili 2020. Korona ikaja, ndege zikasimama, foleni ya teksi ikabaki magari matatu. Nikakiweka kabatini.

Mwishoni mwa Juni mwaka huo mwimbaji Mworomo Hachalu Hundessa aliuawa Addis Ababa, na yule kijana wa Wollega aliyetangaza ushindi akaenda kuandamana Saint Paul na Waoromo wenzake. Picha ya Waziri Mkuu iliyokuwa ikining'inia garini mwake sikuiona tena. Sikumuuliza.

Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Novemba, Marekani nzima ilikuwa inahesabu kura za urais. Kila runinga uwanjani ilikuwa na ramani nyekundu na buluu. Mwalimu alikuwa ameketi chini yake, mgongo ameupa ramani, anapiga namba moja tena na tena. Vita vilikuwa vimeanza Tigray, na simu zilikuwa zimekatwa. Siku chache baadaye tukaanza kusikia kwamba askari wa Eritrea wameingia. Serikali zote mbili zilikanusha. Abiy alikiri bungeni Machi 2021. Urafiki uliotuzwa ulikuwa umegeuka muungano wa vita dhidi ya watu waliokaa katikati ya wakubwa hao wawili, watu wa Adigrat, watu wa Mwalimu.

Mwalimu alihamia meza nyingine. Hakumtukana Mzee, hakumlaumu. Aliacha tu kumtazama. Mzee naye, mwenye miaka karibu sabini, alikuwa akifika, anaweka kikombe cha kahawa mezani kwa Mwalimu, anakwenda kukaa peke yake. Kahawa inapoa. Kesho anaweka kingine. Ilikuwa hivyo majira yote ya baridi. Sijawahi kuona mtu akitenda kazi ya ubalozi kwa uvumilivu kama ule, na ninasema hivi nikijua wapo watu waliovishwa mikufu ya dhahabu.

Januari 2022 Kamati ya Nobel ilitoa taarifa, jambo isilolifanya mara kwa mara kuhusu mshindi wake, ikisema Abiy ana wajibu wa pekee wa kumaliza vita. Novemba 2022 mkataba ukatiwa sahihi Pretoria, kati ya serikali ya Ethiopia na Tigray. Eritrea haikuwa mezani. Simu zikaanza kurudi, mji baada ya mji. Ndipo Mwalimu alipojua kuwa mama yake alikufa mwaka uliotangulia, kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa inauzwa kila duka kabla ya vita. Dada yake wa Senafe hakuwa amejua pia. Habari ilizunguka Amerika kwanza, kama zamani, na Mwalimu ndiye aliyempigia.

Nilipofika nyumbani kwake kuhani, ghorofa ya tatu, Saint Paul, nilidhani nimewahi. Nikamkuta Mzee wa Asmara amekwisha kufika. Alikuwa jikoni, anakaanga buni, na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti kando yake, na walikuwa wanazungumza Kitigrinya kwa sauti ndogo. Sikuelewa neno hata moja. Nilimkumbuka mama yangu akirudi kutoka Himo alfajiri, mikono mitupu, na nikatamani siku ile pangekuwa na mtu wa upande wa pili aliyekuja kumkaangia kahawa.

Baada ya arobaini niliwaletea kibao. Nilieleza tulivyochanga, nikaomba ruhusa ya kuchonga majina yao. Mzee alikipapasa, akasema kwa Kiingereza kuwa ni mbao nzuri. Mwalimu alikisoma kwa lugha zote tatu, taratibu, kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi.

"Kiweke kwanza," akaniambia. "Majina yetu yangoje mpaka mpaka ufunguliwe."

Nikamuuliza atajuaje kuwa umefunguliwa kweli.

"Dada yangu akivuka kwenda kuliona kaburi," akasema, "akarudi kwake jioni, akapika. Na mwaka unaofuata akaenda tena."

Ninawaomba wanaotoa tuzo za urafiki wa majirani, wa Oslo na wa kwingineko, wamtafute kwanza mtu kama dada yake Mwalimu, wamuulize kama amevuka, na kama amerudi, na kama mwaka uliofuata alikwenda tena. Kibao chetu kiko Saint Paul, kabatini kwangu, nyuma ya makoti ya baridi. Sehemu ya majina bado ni mbao tupu.